Kipimajoto Ndani ya Boksi

Jumanne, 25 Februari

Kwako wewe unayechanganya maziwa yangu,

Hunijui, ila mimi nakujua. Wewe ndiye unayeandika namba tisa yenye mkia mrefu kama wa paka juu ya kila mfuko. Namba tisa ni mimi. Kila Jumanne dereva wa hospitali anashusha hapa kwetu boksi la baridi lenye mifuko saba, halafu anaondoka na boksi tupu la wiki iliyopita. Nikafikiri, boksi zima linarudi na hewa tu, si lirudi na barua?

Nijitambulishe. Naitwa Spoki, jina la gereji, kwa sababu ya hii miguu yangu myembamba. Miaka kumi na tisa, fundi baiskeli. Shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikichungulia tu nikatoka. Mwaka juzi utumbo wangu ulijisokota kama mnyororo ulioruka meno, ukafa humo humo tumboni, wakaukata. Uliobaki haufiki urefu wa mkono wangu. Nikila kwa mdomo, chakula kinapita mbio bila hata kusalimia. Kwa hiyo nakula kwa mpira: umeingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo, ukashuka chini ya ngozi, ukatokeza kifuani. Jioni naunganisha mfuko wako, hicho chakula cheupe ninachokiita maziwa, asubuhi nautoa. Mtaa huu ni mimi peke yangu ninayekula huku nakoroma. Wenzangu wakiamka wanahangaika na chai, mimi naamka nimeshashiba nawacheka.

Nina maswali mawili. La kwanza, huwezi kuweka ladha? Najua hayapiti ulimini, lakini ni heshima tu kwa mteja. La pili, wewe ni msichana au ni mtu mzima? Dereva anasema huwa anaona macho tu, kwingine kote barakoa na kofia. Ananificha, huyo.

Karatasi ya joto imo humu. Asubuhi na jioni, kama mlivyoagiza. Zote thelathini na sita na kidogo. Mashine mpya kabisa.

Wako,
Spoki, Fundi Mkuu
(fundi wa pili ni mpwa wa bosi, lakini huyo hata pancha inamshinda)


Jumanne, 4 Machi

Kwako Namba Tisa,

Barua yako niliisoma nikiwa tayari nimevaa glavu. Nikacheka ndani ya barakoa mpaka miwani ikaingia ukungu, ikabidi nitoke, nivue kila kitu, ninawe upya kuanzia viwikoni. Umenichelewesha dakika ishirini, na mfuko uliokuwa unasubiri ni wako mwenyewe.

Ladha hakuna. Mimi ni wa umri wa shangazi yako, kwa hiyo huo uchokozi uweke mfukoni. Unaweza kuniita Shangazi.

Sasa na mimi nina swali, na hili si la mzaha. Umesema fundi baiskeli. Grisi. Kabla ya kugusa mpira unanawaje? Nataka unieleze hatua kwa hatua kama unayemfundisha yule mpwa wa bosi. Kijidudu kimoja kikiingia mdomoni mwa mpira, hakina safari ndefu. Kiko kwenye damu, na damu inakwenda moyoni.

Karatasi yako ni safi mno. Ujue basi ninavyofanya kazi: kila Jumanne naisoma karatasi ya joto ya kila mmoja wenu kabla sijafungua glavu. Ikiwa safi, nachanganya. Ikiwa na homa, naacha kila kitu namkimbilia daktari. Chumba changu hakina dirisha la nje, ni dirisha moja tu la kupokelea maboksi. Hiyo karatasi ndiyo macho yangu.

Nisalimie Bibi yako, ambaye hukumtaja ila nimemwona. Hizo blanketi tatu ambazo dereva anazikuta zimekunjwa sawasawa chini ya boksi si kazi ya kijana.

Shangazi


Jumanne, 4 Machi

Shangazi,

Dereva anapiga honi, naandikia juu ya tandiko la baiskeli ya mteja.

Kunawa najua. Sabuni mara mbili, kucha kwa mswaki, spiriti, nahesabu mpaka thelathini, ndipo nagusa. Sema siku nyingine nahesabu haraka. Na siku moja, moja tu, nilikuwa na njaa ya haraka na mikono ilikuwa na gundi ya kiraka, nikasema gundi si uchafu. Hiyo usiiandike popote.

Sasa, nina rafiki yangu, na yeye anakula kwa mpira. Huyo rafiki anasema akishafungua mfuko, kama baada ya saa moja, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Meno yanapigana. Halafu inaisha, anatoka jasho, anaamka mzima anakwenda kazini. Bibi yake anasema ni ubaridi wa mfuko kutoka kwenye friji. Rafiki naye anasema hivyo hivyo. Wewe unaonaje? Ni ubaridi, si ndiyo?

Rafiki huyu anaogopa kwenda hospitali, na simlaumu. Alishang'olewa mpira mara moja kwa sababu ya homa. Mshipa wa shingo upande wa kulia ukaziba baada ya hapo, haufai tena. Daktari wa upasuaji akamwekea wa kushoto akamwambia, "Huu utunze, shingoni hatuna mwingine." Sasa fikiria kichwa cha huyo rafiki. Akisema ana homa, wanamng'oa. Wakimng'oa, atakulia wapi? Mtu hawezi kuning'inizwa mfuko sikioni.

Mimi ni mzima. Karatasi imo. Thelathini na sita na kidogo, kama saa.

Spoki


Jumanne, 11 Machi

Spoki,

Mwambie rafiki yako hivi, na umwambie leo. Ubaridi wa mfuko hauanzi baada ya saa moja wala haugongeshi kitanda ukutani. Mfuko utolewe kwenye friji mapema, ukae mezani, ujaribiwe. Akitetemeka tena, afunge, asiendelee hata tone, apige simu siku hiyo hiyo. Si kesho yake.

Kuna mengine ningeweza kumwambia kuhusu kinachofanyika mtu akiwahi, lakini mimi si daktari, nachanganya mifuko tu, na sitaki kuahidi kwa niaba ya mwingine. Aje aambiwe na wenyewe.

Kama karatasi yako isingekuwa safi hivi, ningedhani huyo rafiki ana miguu myembamba.

Shangazi


Jumanne, 11 Machi

Shangazi,

Hii ni barua ya Bibi. Yeye anasema, mimi naandika, maana yeye na herufi hawajawahi kutambulishwa. Ameng'ang'ania tangu asubuhi kwamba lazima akuandikie leo. Haya, anaanza.

Mwanangu unayechanganya maziwa, hujambo. Mimi ni bibi yake Spoki, nimemlea tangu alipokuwa anatambaa. Nakuandikia kukushukuru. Mjukuu wangu ni mzima kama jiwe. Anakula vizuri na analala usingizi mzito. Ni kijana mzuri wa sura pia, hilo nalo liandikwe. Usiwe na wasiwasi wowote juu yake. Hapa nyumbani kila kitu ni shwari. Nakuombea mikono yako izidi kuwa na baraka.

Bibi ameongea mengi kuliko haya, ila karatasi imekwisha. Ametia dole gumba hapo chini kwa grisi ya mnyororo, wino hatuna. Na boksi amelifunga mwenyewe leo, hataki nimsaidie. Uzee huo.

Spoki, kwa niaba


Jumanne, 18 Machi, saa kumi jioni

Spoki,

Leo usinichekeshe.

Mbele yangu nina karatasi yako ya joto iliyokuja mchana. Namba kumi na nne, asubuhi na jioni, siku saba. Thelathini na sita na saba, thelathini na sita na tano, thelathini na sita na saba tena. Mwandiko safi kuliko siku zote.

Na ndani ya droo yangu nina kipimajoto chako. Kilikuja Jumanne iliyopita ndani ya boksi, kimeviringishwa kwenye kitambaa. Nilidhani kimekuponyoka mkononi. Nikakisafisha, nikakiweka nikurudishie kwenye boksi la leo, nikasahau. Sasa nambie, hizo namba kumi na nne umezipima na nini? Na pampu ya baiskeli?

Nimepiga simu ya Bibi mara tatu. Mara ya kwanza haikupokelewa. Ya pili imepokelewa na mzee mmoja wa kubuni, sauti nzito, anasema nimekosea namba. Ya tatu mzee yule yule, safari hii meno yanagongana.

Rafiki yako ni wewe. Nilipaswa kujua tangu barua ya pili.

Nimemwambia daktari. Dereva ametoka kwako mchana, na sasa namrudisha na barua hii. Ameambiwa asiondoke mlangoni mpaka upande gari. Mfuko wa leo usiuguse. Mwambie Bibi achukue blanketi, na umpe simu yake.

Shangazi


Jumatano, 26 Machi
Wodi ya upasuaji, kitanda cha mlangoni

Shangazi,

Dereva wako ni mbishi kuliko mimi. Nilimwambia nina baiskeli ya mteja juu ya benchi, imebaki kufungwa pedeli moja. Akanibeba begani kama fremu mbovu. Hicho ndicho kitu cha mwisho ninachokumbuka vizuri. Bibi anasema njiani nilikuwa naimba. Nilikuwa siimbi, nilikuwa natetemeka na sauti ikawa inatoka.

Nakuandikia kwa penseli ya muuguzi. Amesema atakupitishia dirishani.

Ngoja nikueleze walichonifanya, maana wewe unachanganya chakula tu, hujui kinakopita. Daktari wa upasuaji, mimi namwita Daktari Kisu, mwenyewe hajui, alifinya hapa juu ya kifua kwa kidole kimoja na usaha ukatoka pale mpira unapotokezea. Akafuata kwa kidole hadi juu kwenye mfupa wa bega. Kote kumevimba, kote kunauma. Akasema, vijidudu viko kwenye damu, na njia yote ya mpira chini ya ngozi imejaa. Lazima utoke.

Nikamwambia, daktari, mimi ni fundi, nisikilize. Pitisha waya ndani ya mpira huu wa zamani mpaka kwenye mshipa. Chomoa mpira, waya ubaki. Kisha sukuma mpira mpya juu ya waya ule ule. Mshipa hujaupoteza. Si ndivyo tunavyofanya?

Wanafunzi wake walikuwa wanacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Njia hiyo tunayo, na tunaitumia. Lakini ni pale panapokuwa pasafi. Wewe ungepitisha waya mpya wa breki ndani ya ganda lililooza kwa kutu?"

Fundi kwa fundi, kanishinda.

Wakanipa nusukaputi. Wakapasua kufuata njia, wakautoa mpira pamoja na kile kikuku cha kitambaa kinachoushikilia chini ya ngozi, ambacho nyama ilikuwa imekikumbatia, wakakwangua, wakaacha kidonda wazi kimejazwa shashi. Kila asubuhi wanaivuta shashi na kujaza nyingine. Sauti ninayotoa wakati huo si ya kumsimulia shangazi.

Siku ya nane leo sina mpira. Ni maji ya dripu mkononi tu, yenye sukari kidogo. Wanasubiri damu yangu ioteshwe kule maabara isiote kijidudu chochote, ndipo wanitafutie mshipa mwingine. Njaa, Shangazi! Nilikuwa nimesahau inavyokaa. Mgonjwa wa kitanda cha pili anakula mkate na mimi namhesabia matonge. Shingo ya kulia iliziba, ya kushoto wameipima jana kwa mashine, nayo imeziba. Daktari anasema atajaribu paja. Sijamuuliza likishindikana na paja itakuwaje. Nimeuliza mengine yote nikaliruka hilo.

Nilichomuuliza ni hiki: ningekuja ile siku ya kwanza, je? Akavua miwani, akaifuta na koti. Akasema, kijidudu hiki nilichonacho, kikiwahiwa kabla hakijashuka kwenye njia, mara nyingi wanajaza dawa kali ndani ya mpira wenyewe, wanaifungia humo kwa saa kadhaa kila siku, na nyingine wanakupa kwenye damu, na mpira unabaki pale pale. "Mara nyingi," akasema. "Si kila mara."

Wiki tatu nilificha ili wasining'oe. Kumbe kuficha ndiko kulikoning'oa.

Ila kuna kitu sikielewi. Kipimajoto sikukiweka mimi ndani ya boksi. Nilikitafuta mpaka chini ya godoro. Kama ningekipata ningeendelea kukudanganya vizuri tu, na sasa hivi pengine ungekuwa unachanganya mifuko ya namba tisa mwingine.

Spoki


Ijumaa, 28 Machi

Spoki, mwanangu,

Kipimajoto alikiweka Bibi yako.

Nimejua jana. Nilitoka kazini nikamkuta kwenye benchi la nje ya wodi, na blanketi zile tatu mapajani. Hakunijua, hatujawahi kuonana. Nilipomwambia mimi ndiye wa mifuko, alinishika mkono, wala hakunisalimia. Akauliza, "Mbona hukujibu barua yangu?"

Nikamwambia niliipata, ilinifurahisha. Akashangaa. "Ilikufurahisha?" Ninayo kwenye pochi tangu siku ile, kwa sababu ya lile dole la grisi. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Nilipofika kwenye "mzima kama jiwe" nikaona midomo yake, iliyokuwa inafuatisha maneno, imeacha kutikisika.

Yeye alikuwa amekuambia uandike hivi: kwamba mtoto anatetemeka kila jioni, wiki ya pili sasa. Kwamba anakataa asisemwe. Kwamba anachukua kile kijiti cha kioo kutoka kwapani, anakikung'uta kwanza, ndipo anaandika. Bibi haoni namba, lakini anajua mtu hakung'uti kitu ambacho hakina kitu. Kwa hiyo jioni moja, ukiwa umeshikwa na usingizi wa homa, alikichomoa mwenyewe kabla hujakikung'uta. Akakiviringisha kwenye kitambaa chake cha kichwa, na asubuhi akakulazimisha uandike barua, akalifunga boksi kwa mkono wake. Alisema, "Kama yeye atadanganya kwa kalamu, kijiti kitasema."

Unaelewa, Spoki? Kipimajoto cha kioo kinashika homa mpaka ukikung'ute. Bibi yako alinitumia homa yako, yenyewe, ndani ya kitambaa.

Na mimi nikaipokea. Nikafungua kitambaa, nikaona kipimajoto, na kabla sijakitazama nikakikung'uta mara tatu. Miaka kumi na saba ya kazi, mkono unafanya wenyewe. Kung'uta, futa kwa spiriti, weka droo. Halafu nikakaa nikaisoma ile barua nikacheka, na sikujiuliza kwa nini karatasi "imekwisha" wakati chini ya dole kuna mistari kumi na minne haijaandikwa.

Siku saba. Wewe ulificha wiki mbili, na hiyo ya tatu ni yangu. Katika siku hizo saba ndipo usaha ulipopanda kutoka kifuani hadi begani, au haukupanda, sijui, na daktari naye hajui. Nimemweleza mkuu wangu wa famasia kila kitu. Ameandika agizo limebandikwa juu ya dirisha: chochote kinachorudi ndani ya boksi kisomwe kwanza, kisafishwe baadaye.

Bibi sijamwambia kwamba nilikikung'uta. Nilishindwa, alikuwa bado ameshika mkono wangu ule ule. Mwambie wewe, au niambie nije nimwambie mimi.

Usiku ule wa upasuaji nilipita. Ulikuwa umelala na mdomo wazi. Sura si nzuri kama ilivyoandikwa.

Shangazi


Jumanne, 15 Aprili

Shangazi,

Damu haikuota kitu. Daktari Kisu alipata mshipa wa paja la kulia, wa kushoto ulimkatalia. Mpira umeingia hapo kwenye kinena, ukapanda chini ya ngozi, umetokeza tumboni karibu na kitovu. Sasa nakula kwa paja. Mwambie yule mtu aliyekuwa anakula mkate mbele yangu.

Daktari alikaa kitandani kwangu kabla ya kuniruhusu. Wanafunzi hawakuwepo. Akasema baada ya hapa zipo njia nyingine, kupitia ini, kupitia mgongoni, lakini hapendi hata kuzitaja na hataki mimi nizizoee. Akasema, "Huu si wa kutunza. Huu ni wa kuniambia."

Barua yako nimemsomea Bibi. Neno kwa neno, nikiwa nimeketi chini na yeye juu ya kitanda, ili kama anataka kunipiga asihangaike kuinama. Nilipofika pale ulipokikung'uta, nikasita. Akasema, "Soma." Nikasoma.

Halafu akasema, "Basi wote wawili mna mkono mmoja." Akalia kidogo. Hajawahi kulia mbele yangu, hata mwaka juzi waliponitoa utumbo. Ningependelea anipige.

Nimemwomba msamaha kwa ile barua. Akauliza niliandika nini hasa pale alipokuwa anaeleza habari za kitanda kugonga ukuta. Nikamwambia: niliandika kwamba mimi ni mzuri wa sura. Akasema, "Na huo nao ni uongo," akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Sijui kama alikuwa anacheka. Sikuthubutu kuangalia.

Tangu niliporudi nyumbani kipimajoto anakishika yeye. Anakitoa kwapani, ananinyooshea usoni, mimi nasoma kwa sauti, jirani aliyesoma anasoma tena nyuma yangu. Nikiwa fundi mkuu wa gereji nzima, nasimamiwa kama mtoto wa chekechea. Karatasi imo humu. Mara hii ina mwandiko wa watu wawili.

Mimi kwako sina neno. Ulinitumia dereva, na mimi nilikuwa nakutumia uongo kila Jumanne.

Spoki


Alhamisi, 22 Mei, saa tatu asubuhi

Kwako Shangazi wa mifuko,

Leo si siku ya boksi, najua. Hii ni barua ya Bibi. Yeye anasema, mimi naandika, na jirani amesimama nyuma yangu anachungulia kila herufi.

Mwanangu, mimi ndiye bibi yake Spoki. Jana jioni alifungua mfuko. Baada ya saa moja akaanza kutetemeka. Si sana, kitanda hakikugonga ukuta, lakini nimemjua. Safari hii alifunga mwenyewe. Aliniita kabla sijamfikia. Alisema, "Bibi, imeanza," akanipa mkono akiwa analia kama alipokuwa mdogo, na mimi nikamwambia kulia ni ruhusa, kufunga mdomo ndiyo marufuku.

Daktari tumempigia usiku ule ule. Akasema tusisubiri gari, tuje. Tumekuja usiku kucha na baiskeli ya mteja, jirani akiendesha na mtoto nyuma, na mimi kwa ya pili, nimesukumwa na huyo mpwa wa bosi ambaye nilikuwa naambiwa hajui kazi. Anajua. Usaha hakuna, nimebonyeza mwenyewe kuanzia kinenani mpaka kitovuni kwa kidole kimoja kama alivyofanya daktari. Njia bado ni safi. Kile walichosema cha kufungia dawa ndani ya mpira, mwambie daktari nimekikumbuka, nataka kifanywe leo, kabla ya chai yake.

Yeye anasema kijiti kinaonyesha thelathini na nane nukta tatu. Jirani naye anasema hivyo hivyo. Mimi wote wawili siwaamini kwa jambo hili, nimeshazoea. Ndiyo maana sikukiacha nyumbani. Kimo humu ndani ya bahasha, kwenye kitambaa changu, vile vile kilivyotoka kwapani kwake. Hakuna aliyekikung'uta.

Tuko kwenye benchi nje ya dirisha lako. Kisome wewe kwanza, mwanangu. Ukishakisoma, ndipo ukung'ute.

Dole gumba langu ni hili.

(Nimeandika kama alivyosema, hata pale palipoumiza. Karatasi haijakwisha. Spoki.)